Nimkatalie binti, au nimkatalie shemeji?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, barua zinazoletwa katika safu hii huongezeka, na nyingi kati yake hubeba swali moja tu: mtoto amefaulu, asome kozi gani inayolipa? Kwa kawaida hujibu kwa ufupi, tukawaelekeza wazazi kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kisha tukaendelea na mada iliyopangwa. Juma hili tumeshindwa kufanya hivyo. Mada ya malezi ya mayatima tuliyoiahidi itakuja juma lijalo, inshaAllah, kwani imetufikia barua kutoka Lindi inayotuhusu sisi wenyewe kuliko alivyojua aliyeiandika.

Mwandishi wake ni mama mjane. Mwaka 2013 mtoto wake wa kwanza alimaliza kidato cha sita kwa ufaulu mzuri katika tahasusi ya PCM. Zilikuwa zama ambazo Lindi na Mtwara hapakuwa na mazungumzo mengine ila gesi. Baba wa kijana, Allah amrehemu, aliuza shamba la mikorosho ili kujazia pale ambapo mkopo wa Serikali haukufika, na kijana akaenda kusomea uhandisi wa mafuta na gesi. Alihitimu mwaka 2017. Leo ana banda la vipuri vya pikipiki Mbagala, na jioni huwafundisha hisabati watoto wa mtaani kwake kwa malipo madogo. Katika kile alichosomea hajafanya kazi hata siku moja.

Sasa ni zamu ya kitindamimba, binti, aliyefaulu katika tahasusi ileile ya kaka yake. Binti anataka ualimu wa hisabati na fizikia. Shemeji wa mama huyu, ambaye ndiye aliyeibeba nyumba tangu kaka yake afariki, amesema hatatoa hata senti moja kwa ajili ya ualimu. Atalipa iwapo binti atasoma mambo ya kompyuta au uhasibu, maana hizo, kwa maneno yake, ndizo kozi zinazolipa. Mama amefunga barua yake kwa swali tulilolifanya kichwa cha makala haya: "Nimkatalie binti, au nimkatalie shemeji?"

Kabla ya kujibu tuna jambo la kukiri. Mwaka ule wa 2013, safu hii nayo iliandika kuhusu gesi. Tuliwahimiza wazazi wa Kiislamu wa mikoa ya Kusini wawapeleke vijana wao katika masomo ya mafuta na gesi, tukasema neema imeshuka mlangoni pao, na kwamba wasiposoma wao watakuja wengine kuivuna. Hatujui kama marehemu aliyasoma maneno yale. Inatosha kwamba tuliyaandika. Tuliandika kwa nia njema, na tuliandika bila ya kuuliza maswali ambayo leo tunataka kuyauliza.

Na tuseme kwa haki: hatukuwa peke yetu. Tangu mwaka 2010 kampuni za kigeni zilikuwa zikigundua gesi katika kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara, na hesabu iliyokuja kutajwa mara kwa mara ilikuwa futi za ujazo trilioni 57. Palizungumzwa kiwanda kikubwa cha kuigeuza gesi kuwa kimiminika, nacho kikapangiwa eneo la Likong'o, Lindi. Vyuo vikuu, kikiwemo cha Dar es Salaam na cha Dodoma, vilianzisha shahada za jiolojia ya mafuta na uhandisi wa mafuta. Wanasiasa walizungumza, magazeti yakaandika, na watu wa Mtwara waliithamini gesi ile kiasi cha kuingia barabarani mwaka huo huo wa 2013 kulipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Mzazi aliyeuza mikorosho yake katika hali hiyo hakuwa mjinga. Alisikiliza kila sauti iliyokuwepo, na sauti zote zilisema jambo moja.

Kisha yakatokea mambo ambayo hayakuandikwa katika mwongozo wowote wa udahili. Katikati ya mwaka 2014 pipa moja la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100 katika soko la dunia. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kampuni zilizokuwa na haraka zikapunguza mwendo, na mazungumzo ya kiwanda cha Likong'o yakawa ya mwaka hadi mwaka. Bomba la kilomita 532 lilikamilika mwaka 2015, na gesi inazalisha umeme hadi leo, alhamdulillah. Lakini bomba likishafukiwa halihitaji watu wengi wa kulitazama. Hapo ndipo lilipo kosa letu kubwa: tulidhani utajiri mwingi ni ajira nyingi. Shughuli ya gesi hula mabilioni ya fedha na huajiri watu wachache, hasa ujenzi ukishakwisha. Kiwanda kimoja cha kubangua korosho kinaweza kuweka watu wengi kazini kuliko mtambo wa gesi ulio mara nyingi zaidi ya thamani yake.

Ndugu zetu wa Kusini wanalijua jambo hili vizuri kuliko wachumi, ila wanalijua kwa upande wa shamba. Katika msimu wa 2017 korosho ziliuzwa mnadani kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, na wengi wakapanda miche mipya. Msimu uliofuata mambo yakaharibika, wanunuzi wakataka bei ya chini, hadi Serikali ikaamuru jeshi lizinunue kwa shilingi 3,300. Mkulima mzoefu alijua tangu mwanzo kwamba mche anaoupanda leo hautazaa kwa bei ya leo. Utazaa baada ya miaka kadhaa, kwa bei asiyoijua, siku ambayo miche ya jirani zake wote nayo itakuwa inazaa. Shahada ni mche wa aina hiyo. Binti atakayeingia chuoni mwaka huu atatoka baada ya miaka mitatu au minne, na akisomea udaktari wa binadamu ni mitano pamoja na mwaka wa mafunzo kazini. Mshahara unaosifiwa leo ni bei ya mavuno ya waliopanda zamani. Na kila kozi inaposifiwa, wanaoingia huwa wengi kwa mkupuo, kisha wakatoka kwa mkupuo, wote wakaelekea kwenye mlango uleule.

Mfano wa karibu ni ualimu wenyewe. Kulikuwa na wakati ambao ndiyo kozi iliyokuwa na uhakika kuliko zote. Mkopo wake ulikuwa na kipaumbele, na mhitimu alipangiwa kituo moja kwa moja, bila ya usaili. Vijana waliotaka mambo mengine waliingia ualimu kwa sababu hiyo tu, mkopo na uhakika. Baada ya mwaka 2015 mtiririko ule ulikatika. Mwaka 2023 Serikali ilipotangaza nafasi 21,200 za walimu na watumishi wa afya, maombi yalizidi laki moja na nusu. Siku hizi mwalimu naye huitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo shemeji anapoukataa ualimu ana ushahidi mkononi, na hatutaki mama amwone kuwa mtu wa dunia asiyejali.

Lakini je, hizo anazozitaka yeye? Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa zaidi ya 135,000, na sehemu kubwa ya nafasi hizo ziliwahusu hasa wenye shahada za uhasibu, kodi, fedha, uchumi na kompyuta. Hizo ndizo kozi zinazolipa, na hiyo ndiyo foleni yake. Atakayeajiriwa atalipwa vizuri, hilo hatulipingi. Ila mwenye kuuliza "inalipa kiasi gani?" bila ya kuuliza "inawalipa wangapi kati ya waliosoma?" amesoma nusu ya hesabu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomkuta kijana wa Mbagala.

Wapo watakaotuuliza iwapo inafaa kabisa Muislamu kuchagua elimu kwa kutazama mshahara. Tunajibu kwamba kutafuta rizki ya halali kwa ajili ya mama na ndugu ni wajibu wenye malipo, na mtoto wa mjane anayeuliza mshahara hatuna haki ya kumnyooshea kidole. Hata hivyo ugonjwa wa wote kukimbilia upande mmoja ni wa kale. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, aliutaja utabibu na hesabu miongoni mwa fardhi kifaya, yaani elimu ambazo jamii nzima hupata dhambi iwapo hatapatikana wa kuzibeba. Kisha akawalaumu watu wa zama zake: miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu hata mmoja, ilhali wanafunzi walijazana kwenye fiqhi. Hakuwa akiidharau fiqhi, yeye mwenyewe alikuwa bingwa wake. Alichokisema ni kwamba wengi waliifuata kwa sababu ndiyo iliyomfikisha mtu kwenye ukadhi, usimamizi wa wakfu na mali za mayatima, na utabibu haukuwa na njia ya kufika huko. Kwa lugha ya leo, walichagua kozi inayolipa. Na tukumbuke kwamba aliyesema hayo aliwahi kushika nafasi kubwa kabisa ya ualimu katika madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad tangu mwaka 1091, akaiacha mwaka 1095.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inamgusa binti wa Lindi moja kwa moja. Nchini mwetu watahiniwa wa kidato cha nne wanaofeli hisabati ni zaidi ya nusu, mwaka baada ya mwaka. Upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia husemwa na Serikali yenyewe. Katika shule nyingi za jumuiya zetu, na hasa za wasichana, mwalimu wa fizikia ni mmoja anayezunguka shule mbili au tatu, na mwalimu wa kike wa somo hilo ni wa kutafutwa kwa tochi. Mzazi anayetaka binti yake afundishwe sayansi na mwanamke Muislamu, kisha akamkataza binti yake mwingine kuwa mwanamke huyo, anatuchanganya kidogo.

Turudi kwenye hesabu, maana shemeji hatashawishika kwa mawaidha pekee, wala hapaswi. Tungemwomba aitazame kozi yoyote kwa namna hii.

Atazame nani hasa mlipaji. Kuna kazi ambayo mlipaji wake ni mmoja nchi nzima, au ni kampuni mbili tatu za kigeni. Mlipaji huyo akibadili mawazo, shahada imelala. Kuna kazi ambayo walipaji wake wako kila kata. Mwalimu wa historia akikosa ajira ya Serikali ana shule chache za binafsi za kubisha hodi, nazo zimejaa. Mwalimu wa hisabati hutafutwa na shule za binafsi, na akikosa hizo, wazazi wenyewe humlipa ili awafundishe watoto wao jioni. Ushahidi anao nyumbani kwao. Kaka wa binti huyu alisoma mafuta na gesi, na kati ya yote aliyojifunza kwa miaka minne, kinachomlipa leo ni hisabati ya sekondari.

Atazame pia jina litakaloandikwa kwenye cheti. Matangazo ya ajira hutaja shahada kwa majina, na maombi siku hizi hupita kwenye mifumo ya kompyuta isiyo na huruma wala muda wa kusikiliza maelezo. Kijana aliyesomea uhandisi wa mitambo angeweza kuomba kazi kwenye gesi ikiwepo, na isipokuwepo angeomba kwenye saruji, maji, umeme au reli. Mwenzake ambaye cheti chake kinasema "mafuta" amesoma mengi yaleyale, lakini tangazo la kiwanda cha saruji halimtaji. Laiti mwaka 2013 tungeandika sentensi hii moja: shahada ya kwanza iwe pana, wembamba uje baadaye, kwenye shahada ya pili au kazini. Hadi leo tunaona vyuo vikibuni majina marefu ya shahada yanayofuata upepo wa mwaka, na wazazi wakivutwa na urefu wa jina. Tunawatahadharisha.

Kisha atazame milango iliyo nyuma ya mlango. Watu wengi hudhani shahada ndiyo mwisho. Anayesoma sheria anayetaka kuwa wakili hupita Shule ya Sheria kwa Vitendo, na mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka pale wanafunzi 26 tu walipofaulu masomo yote kati ya 633. Mhasibu hutafuta CPA kwa mitihani ya Bodi ya Wahasibu, na bila hiyo shahada ya uhasibu humweka kwenye foleni tuliyoitaja. Mhandisi husajiliwa na bodi yake baada ya mafunzo ya vitendo. Hayo yote yana ada na miaka. Mshahara anaoutaja shemeji ni wa aliyekwisha kupita milango yote. Mhitimu wa mwaka wa kwanza bado yuko nje, ameshika bahasha.

Kuhusu mkopo, tuseme kidogo. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile ya asilimia 6 iliyowatia hofu waumini wengi, ilifutwa mwaka 2021. Mwenye swali la fiqhi juu ya mkopo wenyewe amwone sheikh wake. Lakini deni ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, maana yake katika kila laki moja, elfu kumi na tano haifiki nyumbani. Familia zinazomsubiri mhitimu ili awasomeshe wadogo zake zianze hesabu zao hapo.

Kwa upande wa uhasibu kuna wasiwasi mwingine ambao wazazi hutuletea mara kwa mara, kwamba masomo ya fedha yatampeleka mtoto kwenye riba. Tunaona wasiwasi huu umekuzwa. Hospitali ina mhasibu, shule ina mhasibu, na taasisi zetu za Hija na wakfu, kama mambo yake yangekuwa sawa, zingekuwa na wahasibu wawili wawili. Tangu mwaka 2011 ipo pia Amana Bank inayoendeshwa kwa misingi ya sharia, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Binti akiupenda uhasibu, ausome. Tatizo ni kwamba haupendi.

Na kupenda nako kuna uzito wake katika hesabu hii. Hatusemi kwamba kila anachokipenda kijana kifuatwe. Tumewaona waliopenda mambo kwa sababu ya filamu moja. Lakini mama ametueleza kwamba binti huyu, tangu kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake hisabati bwenini kabla ya kuzimwa taa, na kwamba wawili kati yao wamefaulu kwa sababu yake. Huyo ameijaribu kazi kabla ya kuiomba. Mwanafunzi aliyelazimishwa kozi huipita kwa alama za kumtoa chuoni tu, na katika foleni ya watu 135,000, mwenye alama za namna hiyo ndiye wa kwanza kuachwa. Kwa hiyo hata kwa anayetazama mshahara peke yake, uwezo wa mtoto na utulivu wa moyo wake ni sehemu ya bei.

Tumefika kwenye swali la mama, nalo tunaomba alibadilishe kidogo. Hatuoni kwamba kuna mtu wa kukataliwa. Kuna mtu ambaye hajaitwa.

Katika barua yote ya kurasa nne, shemeji amesema, mama amesema, binti amesema, hata jirani aliye na mtoto benki amesema. Kijana wa Mbagala hajaulizwa. Mama anaandika kwamba tangu ahitimu, haitajwi shahada yake mbele yake, kwa kumhurumia, na yeye huja nyumbani Idi hadi Idi, akakaa siku mbili na kuondoka. Tunadhani nyumba hii imemwekea aibu ambayo si yake. Hakufeli mtihani. Alifanya kila alichoambiwa na baba yake, na walimu wake, na vyuo, na magazeti, likiwemo hili. Katika ukoo mzima ndiye mtu pekee anayejua kwa ngozi yake maana ya kuchagua kozi kwa sababu ya sifa zake za mwaka mmoja, na ndiye anayejua pia, kwa fedha anazozipokea kila jioni, kama hisabati inalipa au hailipi. Mwiteni. Shemeji aketi naye kabla ya kuketi na binti, na amuulize maswali yote matatu: nani mlipaji, cheti kingeitwaje, na milango mingine ilikuwa mingapi. Tunaamini shemeji atatoka katika kikao hicho akiwa na maneno mengine, nasi tusimtangulie.

Ikiwa wataafikiana, rai yetu ni hii. Chaguo la kwanza liwe shahada ya sayansi na ualimu, hisabati na fizikia, katika chuo ambacho ada yake familia inaimudu hata mkopo ukipungua. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005, nacho kinasomesha walimu, na wazazi wanaojali mazingira ya binti wanaweza kukitazama. Chaguo la pili liwe hisabati au takwimu bila ya ualimu. Hilo ni jina pana, linampeleka kwenye takwimu, bima au fedha, na siku akitaka darasa ataongeza stashahada ya uzamili ya ualimu kwa mwaka mmoja. Hapo shemeji atapata anachokitafuta bila ya kumtoa binti kwenye hesabu zake. Kompyuta tusiifukuze, mwenye hisabati nzuri atajifunza kuandika programu akiwa mwaka wa pili, iwe ameandikishwa kozi hiyo au la. Tusiahidi ajira. Mwaka 2013 tuliahidi.

Na istikhara, mama, aiswali mwenyewe binti, si ya kuswaliwa na wakubwa kwa niaba yake kisha akapewa majibu.

Kwa kijana wa Mbagala tuna ombi la moja kwa moja, iwapo gazeti hili litamfikia: tunataka atuandikie. Ukurasa upo, na safari hii tungependa wazazi wamsikie yeye badala yetu.

Limebaki la haraka. Waombaji wa mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na binti aliyefiwa na baba huhitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Uhakiki huo una foleni yake kila mwaka wakati kama huu, na dirisha halisubiri. Mama ameandika kwamba cheti cha marehemu kiko kwa shemeji, katika sanduku la hati za shamba. Amwombe leo.